Jinsi ya kupima na kuchora stesheni kongwe: maelezo ya mchora ramani wa Kigoma

Ukiteremka Barabara ya Lumumba mpaka mwisho wake, hapa Kigoma mjini, unakutana na jengo la stesheni ya treni. Kila mgeni mwenye simu hulipiga picha, na picha hizo nazipenda. Lakini siku tao likipasuka au dari likidondoka, fundi hawezi kujenga kwa kutazama picha. Picha haimwambii ukuta una unene gani, tao limepanda kiasi gani, wala mbao za kenchi, ile fremu inayobeba paa, zilikatwa kwa kipimo kipi. Fundi anataka mchoro wenye namba. Mchoro huo tunaweza kuuchora wenyewe, sisi wa hapa, kwa vifaa ambavyo kila fundi ujenzi anavyo nyumbani.

Mimi nakaa Mwanga, hapa hapa Kigoma, na kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nilianza kwa kubeba zege, kisha kujenga, kisha kalamu. Nayaandika haya kwa vijana wa vyuo vya ufundi, walimu, na yeyote wa Kigoma au Tabora mwenye jengo la zamani la reli karibu naye. Naomba mfanye sasa. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Stesheni mpya zikianza kazi, hizi kongwe zitapewa matumizi mengine, na kila matumizi mapya huja na nyundo: mlango unapanuliwa hapa, ukuta unavunjwa pale.

Lijue jengo kabla ya kufungua tepu

Wengi huliita jengo la namna hii la Kivictoria. Malkia Victoria wa Uingereza alifariki Januari 1901. Reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, chini ya Wajerumani, na iliyojenga ni kampuni ya Philipp Holzmann. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914. Kwa tarehe na kwa bendera, basi, stesheni yetu si ya Malkia huyo. Ila ujuzi wa kujenga stesheni ulikomaa katika zama zake. Kabla ya reli hakukuwa na nyumba iliyotakiwa kuuza tiketi, kupima mizigo, kutenganisha abiria kwa madaraja, na kupokea moshi wa injini, yote mahali pamoja.

Nawapa mfano mmoja kwa sababu unasaidia sana kwenye kupima. Stesheni ya St Pancras ya London ilifunguliwa 1868. Mhandisi William Barlow aliifunika njia ya treni kwa matao ya chuma yenye upana wa karibu mita 73, bila nguzo hata moja katikati. Hoteli iliyo mbele yake ilichorwa na mtu mwingine, George Gilbert Scott. Chini ya reli kulikuwa na ghala la bia iliyotoka Burton, na Barlow alizipanga nguzo za ghala hilo kwa kufuata mapipa, ili yakae bila kupoteza nafasi. Yaani pipa la bia ndilo lililoamua nguzo isimame wapi! Tangu nilipolijua hilo, kila nikipima jengo la reli najiuliza: hapa aliyeamua kipimo ni nani? Gunia? Mkokoteni? Meza ya karani? Mlango wa ghala uliopana kuliko mahitaji ya mtu mmoja una mzigo wake, na mzigo huo ni sehemu ya historia ya jengo.

Kwetu huku hakuna paa kubwa la chuma juu ya reli. Geji, yaani upana kati ya reli mbili, ni mita 1, treni ni chache, na kinachomtesa abiria ni jua na mvua. Kazi ya kivuli imepewa kuta nene, matao na baraza. Nguvu zako zote za kupima zielekeze huko.

Ruhusa

Stesheni na bandari ni maeneo ambayo askari hawapendi kuona mtu akizunguka na kamera na daftari, na wana sababu. Anza ofisini kwa stesheni masta. Mwamkie, jieleze, mwonyeshe barua ya chuo au ya serikali ya mtaa, na umwambie siku na saa. Chagua siku ambayo treni haiingii. Abiria wakijaa na magunia ya dagaa na madumu ya mawese, hutapima kitu, na utawasumbua watu walio safarini. Usiguse chumba cha mawasiliano wala eneo la njia ya treni. Ukikataliwa dari, pima chini tu. Jengo lina mengi ya kukupa bila dari.

Vifaa na watu

Tepu ya mita 30 na nyingine ya mita 5. Timazi, pima maji, mpira mwembamba wa maji ule wa kusawazishia msingi, kamba ya nailoni, ufito mrefu ulionyooka, penseli, ubao wa kuegemeza karatasi, tochi. Penseli, maana wino ukilowa umepoteza siku nzima. Mashine ya leza ukiipata ni nzuri, lakini juani nukta yake haionekani.

Watu watatu. Mmoja ashike sifuri, mmoja asome, mmoja aandike. Anayeandika arudie namba kwa sauti kabla ya kuiandika. Ukienda peke yako utapata picha na uchovu.

Kabla ya kupima chochote, zungukeni jengo mara mbili mikono mitupu. Mara ya kwanza tazameni chini: msingi, mifereji, mahali maji yanapokusanyika. Mara ya pili tazameni juu. Kisha chora kwa mkono ramani ya vyumba, kubwa, ijae karatasi. Isiwe nzuri, iwe na kila mlango, kila dirisha na kila nguzo. Namba zote zitaingia humo.

Kupima

Kanuni ninayowasisitizia vijana wangu kuliko zote: sifuri haihami. Funga mwanzo wa tepu kwenye kona ya jengo, ivute mpaka kona ya pili, kisha soma ukingo wa kila mlango na kila dirisha bila kuinua tepu: 1.12, 2.15, 3.80, na kuendelea. Ukipima kila kipande peke yake na kujumlisha, makosa madogo ya kila kipande yanajumlishwa nayo, na kwenye ukuta wa mita 40 unaweza kukosa sentimita za kutosha kuhamisha dirisha.

Ndani ya kila chumba pima pande nne na pembe kwa pembe, zote mbili. Mafundi tunajua kwamba chumba chenye pembe sawa hutoa mishazari miwili inayolingana. Ikipishana, chora ilivyopishana. Usinyooshe jengo kwenye karatasi. Chumba kilichopinda huenda kimeongezwa baadaye, au kilifuata kitu kilichokuwepo, mpaka au njia.

Unene wa ukuta unaupata mlangoni na dirishani. Pima na fremu ilipokaa: imelingana na uso wa nje, wa ndani, au katikati? Hiki ni kipimo kinachosahauliwa mno, na ndicho kinacholipatia dirisha la zamani sura yake. Ukirudisha dirisha jipya likiwa limesogea sentimita kumi nje, kivuli cha ukingo kinapotea na uso wote wa jengo unakuwa bapa.

Sasa matao. Huna haja ya ngazi hadi katikati ya duara. Pima upana wa tao pale linapoanza kupinda, pande zote mbili, kisha vuta kamba hapo na upime kutoka kwenye kamba hadi juu kabisa ya tao. Nusu ya upana izidishe kwa yenyewe, kimo kizidishe kwa chenyewe, jumlisha, gawanya kwa kimo mara mbili. Tuseme upana ni mita 2.40 na kimo ni 0.60. Nusu ya upana ni 1.20, mara 1.20 ni 1.44. Kimo 0.60 mara 0.60 ni 0.36. Jumla 1.80, gawanya kwa 1.20, unapata 1.50. Bikari yako ifungue mita 1.50 kwa skeli na tao litatoka sahihi. Kimo kikilingana na nusu ya upana, hilo ni nusu duara kamili. Pima matao yote, usipime moja ukadhani mengine ni ndugu zake. Tao lililolala zaidi ya wenzake linaweza kuwa limetua, na hapo tafuta ufa unaoanzia juu yake.

Kwa urefu wa kuta, tumia ufito uliotiwa alama, au kivuli cha asubuhi. Simamisha kijiti cha mita 1, pima kivuli chake, kisha pima kivuli cha ukuta dakika ileile. Kijiti kikitoa mita 0.80 na ukuta ukatoa 6.40, ukuta una mita 8. Uwanja uwe sawa. Ukiwa na mteremko, sawazisha kwanza kwa mpira wa maji.

Dari: barakoa, glovu, tochi, na kukanyaga juu ya boriti tu. Vinyesi vya popo vilivyokauka vina vumbi linaloumiza mapafu. Chora kenchi moja kamili, pima kila mbao, na utazame maungio: yamekatwa na kuingizwa mbao kwa mbao, au yamefungwa kwa chuma na bolti? Nakili alama yoyote iliyochorwa au kugongwa kwenye mbao.

Tepu inasema nani alijenga

Sehemu hii ndiyo inayonifanya nipende kazi. Wajerumani walipima kwa mita. Waingereza, waliotawala baada yao, walipima kwa futi na inchi, na hapa kwetu futi ilitumika hadi baada ya uhuru. Mjenzi hupenda namba isiyo na makombo. Kwa hiyo chukua kila kipimo cha chumba na ukigawanye kwa 0.305. Kipimo kinachokaa vizuri kwa mita, 4.00 au 5.00, kinaelekea kwa Mjerumani. Kipimo cha ajabu kwa mita ambacho kikigeuzwa kinatoa futi 10 au 12 kamili kinaelekea kwa Mwingereza.

Kuna nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa reli niliyoipima kwa ajili ya kuikarabati. Chumba cha mbele kilitoa 4.00 kwa 5.00. Jiko la nyuma likatoa 2.44 kwa 3.05. Hiyo ni futi 8 kwa 10. Ukuta ulikuwa umepigwa lipu na rangi moja kuanzia mbele hadi nyuma, jicho lisingeona lolote. Mwenye nyumba alikuwa akiamini yote ilijengwa siku moja.

Kumbuka lipu inakula nafasi. Kipimo kati ya lipu na lipu kinaweza kupungua sentimita tatu, pengine zaidi, kutoka kile cha tofali kwa tofali. Tafuta mahali lipu ilipobanduka, ujue unene wake, kisha uongeze.

Na hapohapo ilipobanduka, pima tofali. Tofali la kawaida la Ujerumani tangu 1872 lilikuwa sentimita 25 kwa 12 kwa 6.5. La Kiingereza lilikuwa fupi zaidi, kama inchi 9 kwa urefu na 3 kwa kimo ukihesabu na udongo wa maungio. Matofali yaliyochomwa hapa hapa hayakufuata vitabu kwa uaminifu, kwa hiyo usipime moja. Hesabu kozi, yaani mistari ya matofali, ndani ya mita 1 ya kimo cha ukuta, sehemu tatu tofauti za jengo. Hesabu zikitofautiana, jengo limejengwa kwa awamu, au limezibwa. Hapa petu kuna sababu za kutosha za kuzibwa. Wabelgiji waliingia Kigoma Julai 1916, vita vikiwa vimewaka. Wajerumani nao, kabla ya kuondoka, waliizamisha wenyewe meli yao ya Götzen, ileile iliyoibuliwa 1924 na kurudi ziwani 1927 kwa jina la Liemba. Mji uliopita katika mikono mitatu ndani ya miaka michache haukosi viraka ukutani.

Angalia lipu yenyewe pia. Kwenye kipande kilichokwisha kudondoka, kwaruza kwa msumari. Ya chokaa inakwaruzika, inatoa unga mweupe au wa rangi ya mchanga. Ya saruji ni ya kijivu na inaukataa msumari. Andika kwenye mchoro kila mahali saruji ilipowekwa juu ya ukuta wa zamani. Ukuta wa tofali na chokaa huvuta unyevu kutoka chini na kuutoa kupitia lipu. Ukiufunika kwa saruji ngumu, unyevu haupati pa kutokea, unapanda juu zaidi, unaacha chumvi nyeupe, tofali linamung'unyika nyuma ya lipu iliyo nzima. Kwa hilo sina maneno laini: kuta za zamani za reli zipigwe lipu ya chokaa, na anayezipiga saruji anazifupishia maisha.

Reli chakavu nazo zisome. Mara nyingi zilitumika kama nguzo za uzio, za baraza, hata kama linta, ile boriti ya juu ya mlango au dirisha. Ubavuni mwa reli kiwanda huacha herufi za jina lake na mwaka. Safisha kwa brashi laini, weka karatasi juu, paka penseli ya ulalo, herufi zitatoka. Mwaka huo ni wa reli, wala hausemi nguzo ilisimamishwa lini; ila nguzo haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko chuma chake.

Jua

Chora mshale wa kaskazini, kisha uutumie. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri linatupita utosini Machi na tena Oktoba. Kati ya miezi hiyo, kipindi cha kiangazi kikiwa ndani yake, linakaa upande wa kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi Machi linakaa kusini. Mwishoni mwa Juni, ukingo wa paa ulio mita 3 juu ya sakafu ya baraza unaruhusu jua la mchana kuingia kama mita 1.6. Mwishoni mwa Desemba, upande wa kusini, kama mita 1 tu. Pima basi kina cha baraza na kimo cha ukingo wake, uone aliyechora alijua au alibahatisha. Jua la asubuhi na la jioni halizuiliki na paa, linaingia chini ya tao. Ndiyo maana nakuombeni muandike madirisha ya mashariki na magharibi yana vifuniko vya aina gani, na kama bado vinafunga.

Watu walikaa wapi

Mchoro wa stesheni bila watu haujakamilika. Wakati wa ukoloni, kwa mazoea ya reli za huku, daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Waasia, la tatu la Waafrika. Hilo limeandikwa kwenye mpango wa vyumba. Tazama chumba kipi kina upepo, kipi kina choo chake, mlango upi unatoka moja kwa moja jukwaani, na dirisha lipi la tiketi linafunguka juani. Chumba cha wachache kina jina kwenye ramani za zamani. Mahali walipokaa wengi, na mizigo na watoto, mara nyingi hapana hata ukuta. Mpachore hapo. Wekeni mistari ya nukta, pimeni kivuli chake, mwandike watu walikaa hapa.

Majina ya vyumba yatafuteni kwa wazee waliofanya kazi reli. Nenda jioni, usiende na maswali ishirini. "Shikamoo mzee." Ukishaitikiwa, tandika mchoro mbele yake na umpe penseli. Mzee mmoja aliutazama mchoro wangu wa jengo la mizigo, akaweka kidole kwenye kona niliyoiacha tupu. "Mizani ilikuwa hapa, mwanangu. Na karani alikaa upande huu, ili aone sindano kabla yako." Kesho yake niliikuta sakafuni alama ya mraba ya chuma kilichong'olewa, katika kona ileile. Ukipata habari ya aina hiyo, iandike pembeni ya mchoro, na tarehe uliyoipokea. Jina la msimulizi liandike akiridhia.

Kuchora safi na kuhifadhi

Ramani nzima ichorwe kwa skeli ya 1:100, sura za nje 1:50, na vipande kama dirisha, tao na maungio ya kenchi 1:10. Namba ziandikwe kwa milimita au kwa mita, usichanganye. Ulichokipima kiwe kwa mstari kamili. Ulichokikisia, kwa sababu mlango ulifungwa au paa halikufikika, kiwe kwa mstari wa vipande. Usiandike "Wajerumani, 1914" mahali ambapo una dhana tu. Andika "tofali refu, kozi 13 kwa mita" na umwachie anayekuja baada yako ahukumu.

Toa nakala tatu: ya stesheni masta, ya ofisi ya utamaduni ya halmashauri, na ya maktaba ya shule au chuo mlichotoka. Karatasi zilizochafuka, zile za penseli za siku ya kupima, msizitupe hata kama mmeshachora safi kwenye kompyuta. Zitieni kwenye bahasha moja na majina yenu na tarehe. Namba ikitiliwa shaka, hizo ndizo zitakazotazamwa.

Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Stesheni zetu zote zimekuja baadaye, kwa hiyo zinalindwa zikitangazwa tu. Anayetaka jengo litangazwe anatakiwa aeleze ni jengo gani, lina nini, na limebaki vipi. Bahasha yenu iambatanishwe na barua ya kuomba hivyo.